Farasi 277 za Nakuru: jinsi ya kuisoma karatasi ya daino

Daino, ile mashine ya roli ambayo gari huendeshewa juu yake kupimwa nguvu, inapima mambo mawili tu: roli zinazunguka kwa kasi gani, na matairi yanazisukuma kwa nguvu kiasi gani. Mengine yote yaliyo kwenye karatasi, ikiwemo ile nambari ya wino mnene utakayoipiga picha na kuwarushia marafiki, yamepikwa na kompyuta kutokana na hayo mawili.

Natengeneza magari hapa Industrial Area, Nakuru, zaidi Subaru na Toyota za watu wanaopenda mwendo. Wengi hupimisha kwingine kisha huniletea karatasi, na swali lao huwa moja: "Mama Baraka, hii ni nzuri?" Siwezi kujibu kwa kutazama idadi ya farasi, kile kipimo cha nguvu za injini. Macho yangu huenda kwanza kwenye maandishi madogo ya pembeni, maana sisi wa huku juu tunaishi mahali ambapo maandishi hayo yanaweza kuliongezea gari zaidi ya robo ya nguvu zake bila mtu kugusa boliti.

Tafuta kizidisho kabla ya farasi

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa Mombasa ni kama kilopaskali 101. Hapa kwetu ni 81. Injini isiyo na tabo (pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini) hujaza silinda kwa kunyonya tu, kwa hiyo kila pistoni ikishuka inapata hewa pungufu kwa moja ya tano, na nguvu zinapungua karibu kiasi hicho hicho. Kisumu, mita 1,130, ni afadhali: kilopaskali 88 na nusu. Eldoret, kwenye mita 2,100, ni 78 hivi.

Ili gari la Nakuru lilinganishwe na la Yokohama, kompyuta ya daino huchukua kipimo halisi na kukizidisha kwa namba fulani. Kwenye karatasi namba hiyo huandikwa CF, au hujificha nyuma ya jina la kanuni: SAE, STD, DIN. Kanuni inayotumika sana ni SAE J1349, ambayo hujifanya kama hewa ilikuwa kavu, kilopaskali 99, joto nyuzi 25. Hesabu yake unaweza kuifanya kwa simu. Gawanya 99 kwa mgandamizo wa hewa kavu ya mahali ulipo (sehemu ya mvuke wa maji hutolewa, kwa hiyo Nakuru ni pungufu kidogo ya zile 81). Joto la hewa liongezee 273, gawanya kwa 298, tafuta kipeuo cha pili. Zidisha hayo majibu mawili, kisha zidisha kwa 1.18, halafu toa 0.18.

Mombasa utapata kama 1.02. Kisumu mchana, 1.18. Nakuru, 1.29. Eldoret asubuhi yenye baridi, 1.30.

Yaani farasi 100 zilizofika kwenye roli za Nakuru zinachapishwa kama 129. Si wizi, ndivyo kanuni inavyofanya kazi. Ila kanuni hizi zilitungwa kusahihisha tofauti ndogo, za siku ya joto na siku ya baridi. Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika kuidhinisha nguvu za injini huko Ulaya, ina kizidisho chake cha namna hii, na inataka kibaki kati ya 0.93 na 1.07. Kikitoka hapo, ni lazima joto na mgandamizo wa hewa viandikwe bayana kwenye ripoti. Sisi tuko nje ya mipaka hiyo kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nawe ukipewa karatasi isiyo na joto, mgandamizo wala kizidisho, irudishe ikachapishwe upya.

Angalia pia jina la kanuni. STD hujifanya kama hewa ni ya usawa wa bahari na joto ni kama nyuzi 15 na nusu, na majibu yake hupita ya SAE kwa asilimia 4 hivi. Gari lililopimwa kwa SAE mwezi uliopita na kwa STD leo "limepata" farasi kadhaa likiwa limeegeshwa tu nyumbani.

Impreza moja, nambari nne

Kijana mmoja wa Kisumu aliniletea Impreza WRX STI ya Japani, injini ya lita mbili yenye tabo, iliyotoka kufanyiwa rimapu, yaani kompyuta ya injini kupangwa upya. Alikuwa amelipimisha huku huku juu kabla ya kuteremka nyumbani. Karatasi ilisema 277.

"Na hizo ni za kwenye matairi, Mama," akasema. "Ukihesabu asilimia 20 inayopotea kwenye giaboksi na difu, krenki ina 346."

"Kabla ya rimapu lilikuwa na ngapi, kijana wangu?"

"Hatukupima. Lakini ya kiwandani si ni 280?"

Hesabu yake ya kugawanya, kutoka matairi hadi krenki (mhimili wa injini yenyewe), ilikuwa sawa. Shida ilikuwa alichokigawanya. Kwenye kona ya karatasi paliandikwa CF 1.29, hewa nyuzi 25. Gawanya 277 kwa 1.29, unabaki na 215. Hizo 215 ndizo roli zilizozihisi. Kizidisho kikaleta 277, na asilimia 20 ya kubuni ikaleta 346. Farasi 131 zimezaliwa juu ya karatasi.

Sasa, ni haki kulizidisha gari la tabo kwa 1.29? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wa nyanda za juu wanapodanganyika. Kizidisho kile kinachukulia kwamba injini imepoteza moja ya tano ya hewa yake. Injini ya tabo haijapoteza kiasi hicho, kwa sababu tabo inaishindilia hewa. Fanya hesabu ya mgandamizo kamili. Gari lile lilikuwa likifikisha busti (mgandamizo unaoongezwa na tabo) ya baa 1.2 kwenye geji. Geji huhesabu kuanzia hewa ya nje, kwa hiyo hapa Nakuru ndani ya injini mna 0.81 (zile kilopaskali 81 kwa baa) na 1.2, jumla baa 2.01. Likiwa Mombasa na busti ile ile, ni 1.01 na 1.2, jumla 2.21. Tofauti ni asilimia 10, si 29. Chukua zile 215, ongeza asilimia 10, unapata kama 236 kwenye matairi, pwani. Zile 41 za kufikia 277 ni zawadi ya kanuni.

Hata hiyo 236 ni makadirio. Kuna magari ambayo kompyuta yake inalenga mgandamizo kamili badala ya wa geji. Hayo hupoteza kidogo sana yakipanda mlima, mpaka tabo ifike mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana kwa gari la tabo huwa nasema: omba karatasi ichapishwe bila masahihisho, na uandike kando busti iliyofikiwa. Linganisha 215 za Nakuru na kipimo kingine cha Nakuru ambacho hakijasahihishwa. Basi.

Nilitaka ushahidi wa pili, nikaunganisha kompyuta na kusoma rekodi ya sensa ya hewa. Kwenye mzigo kamili ilionyesha gramu 207 kwa sekunde. Mafundi wengi hugawanya gramu hizo kwa 0.8 kupata farasi za krenki. Ni kanuni ya kidole gumba, lakini haijali mita za juu ya bahari, maana hewa iliyopita ndiyo iliyohesabiwa. 207 kwa 0.8 ni 259. Toa zinazoliwa na giaboksi, shafti na difu, unarudi karibu na zile 215. Vipimo viwili vya njia tofauti vikikubaliana hivyo, unaweza kuanza kuamini. Sensa ikiwa chafu au bomba la kunyonya hewa limebadilishwa ukubwa, hesabu hiyo itupe.

Na rimapu ilileta nini? Hakuna ajuaye. Hakuna kipimo cha kabla.

Neno moja kuhusu busti, kwa kuwa najua atakayesoma hapa atataka kuipandisha. Kufikisha baa 1.2 Nakuru, tabo inazidisha hewa ya nje mara 2.48, Mombasa busti ile ile ni mara 2.19. Tabo ya Nakuru tayari inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Tena magari haya ya Japani yalipangwa kwa petroli ya kwao ya bei ya juu, yenye okteni karibu 100, na super ya kwenye pampu zetu haifiki hapo. Ukifukuza nambari ya pwani ukiwa mlimani, utakachosikia kwanza ni injini ikigonga.

Kizidisho kinavyochezewa, kwa makusudi au kwa kutojua

Kuna njia mbili nimezishuhudia. Ya kwanza ni simu. Programu ya hali ya hewa itakuambia mgandamizo wa Nakuru leo ni hektopaskali 1,015. Hiyo imeshasawazishwa ionekane kama ya pwani ili wataalamu wa hewa wachore ramani zao. Ya kweli iko kama 810. Fundi akiingiza 1,015 kwenye kompyuta ya daino kwa mkono, kizidisho kinaanguka hadi karibu na 1 na gari lisilo na tabo linaonekana mgonjwa.

Ya pili inaelekea upande wa kupendeza. Sensa ya joto ya daino inatakiwa ining'inie mahali gari linapovutia hewa, mbele ya feni. Ukiilaza juu ya injini moto itasoma nyuzi 60, na kizidisho cha Nakuru kitapanda kutoka 1.29 hadi 1.37. Impreza ile ile, 215 zile zile, zingechapishwa 295. Kwa hiyo soma joto lililoandikwa kisha ukumbuke siku yenyewe ilikuwaje. Nakuru haina nyuzi 60 kivulini.

Toyota 86, na mwalimu aliyedhani ameuziwa mkangafu

Gari lisilo na tabo lina kisa cha kinyume. Mwalimu mmoja wa hapa mjini alinunua Toyota 86, ya injini ya lita mbili ya mwaka 2012, ambayo Japani huandikwa 200. Kipimo bila masahihisho: 128. Akanipigia simu akiuliza, "Madam, zile 72 zimeenda wapi?"

Tuzitafute. Kwanza, 200 ya Wajapani ni PS, yaani farasi za kimetriki, na daino yake ilikuwa inatumia farasi za Kiingereza. Farasi moja ya Kiingereza ni PS 1.014, kwa hiyo 200 inakuwa 197. (280 ya Impreza nayo ni 276, au kilowati 206.) Pili, hewa: 128 mara 1.29 ni 165. Kwa injini inayonyonya yenyewe kizidisho kinakaribia ukweli, hivyo hapa nakikubali bila ugomvi mkubwa. Tatu, kutoka 197 za krenki hadi 165 za matairi ni asilimia 16, ambayo ni kawaida kabisa kwa gari la kusukuma nyuma. Gari zima. Nilimwambia akiliteremsha Kisumu litapata kama asilimia 9 bure, na akaniambia ana shemeji Kondele.

Kilichokuwa kikimsumbua zaidi kilikuwa mchoro. Mstari wa torki (nguvu ya kuzungusha) ulipanda, ukabonyea kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika, kisha ukapanda tena. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia abadilishe plagi na pampu ya petroli. Bonde hilo liko kwenye 86 zote za miaka ile na ndugu yake Subaru BRZ. Limetoka nalo kiwandani. Kabla ya kununua kipuri chochote kwa sababu ya umbo la mstari, tafuta mchoro wa gari zima la aina hiyo hiyo uweke kando.

Ukishakuwa na mchoro mkononi, uhakiki kwa hesabu. Torki kwa nyutoni mita mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, ni kilowati. Nyutoni mita 300 kwenye mizunguko 5,000 lazima ziwe kilowati 157, yaani PS 213 hivi. Kwenye karatasi za vipimo vya Kimarekani, ambapo torki ni futi-pauni na mistari yote miwili, ya torki na ya farasi, inatumia ngazi moja, mistari hiyo lazima ikutane kwenye mizunguko 5,252. Isipokutana hapo, kuna kitu hakiko sawa kwenye ngazi, vipimo au hesabu ya mchoro huo.

Tazama pia kama mstari umelainishwa mno. Mstari uliolala kama shuka iliyopigwa pasi unaficha mshtuko wa injini inayokosa moto. Omba ulainishaji upunguzwe. Na uombe mstari wa mchanganyiko wa hewa na petroli uchapishwe chini yake. Farasi nyingi kwenye mchanganyiko mkavu, wenye petroli kidogo mno, hazina maisha marefu.

Nambari ya kiwandani nayo si msahafu

Watu hushika ile 280 kama imeteremshwa. Kuanzia 1989 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kiungwana ya kutotangaza gari linalozidi PS 280, na yalidumu hadi 2004, Honda Legend ilipotangazwa na 300. Katikati ya miaka hiyo Skyline GT-R, Supra, Lancer Evolution na Impreza STI zote ziliishia kuandikwa 280. Baadhi zilikuwa na zaidi. Kwa hiyo STI yako ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 inalinganishwa na nambari ya heshima.

Kwingine ilikuwa kinyume. Mazda MX-5 ya 2001 ilitangazwa Marekani kuwa na 155, ikaja kukubaliwa ni 142, na Mazda ikajitolea kuyanunua tena magari hayo kwa waliotaka. Ford Mustang Cobra ya 1999 ilitangazwa 320. Wenye magari wakapanda daino, wakakuta upungufu, na Ford ikayarudisha kuyafanyia marekebisho. Kisha SAE ilipokaza masharti ya upimaji, Toyota Camry ya silinda sita ya lita 3 ikashuka kutoka 210 hadi 190 bila boliti kubadilishwa, huku Corvette Z06 ikipanda kutoka 500 hadi 505.

Halafu kuna tofauti ya injini na injini. Kanuni namba 85 niliyoitaja inaruhusu injini inayotoka kiwandani kupishana na ile iliyoidhinishwa kwa asilimia 5, juu au chini. Kwa gari la 200, hiyo ni 190 hadi 210. Magari mawili ya rangi moja, yaliyofuatana kwenye mstari wa kuunganishia, yanaweza kupishana farasi 20 na yote yakawa halali. Ongeza miaka ya barabarani, kompresheni iliyolegea, kaboni kwenye vali, chujio la hewa lililojaa vumbi letu la kiangazi. Ndiyo maana anayekuambia kwamba bomba lake jipya la moshi limemzidisha rafiki yake farasi 8, huku kila mmoja ana gari lake, hajakuambia chochote.

Ukienda kupimisha

Daino zenyewe hazifanani. Ya roli nzito isiyo na breki hupima jinsi gari linavyozichapua, na mara nyingi husoma juu zaidi ya ile inayolikamata gari kwa breki. Chagua moja ubaki nayo. Subaru ya gia za mkono ipelekwe tu kwenye daino ya magurudumu manne. Kuizungusha kwa magurudumu mawili ni kuichoma difu ya kati.

Pima kabla ya kugusa chochote. Jaza upepo wa matairi sawa sawa kila mara na uandike ulijaza kiasi gani. Tumia gia iliyo karibu na moja kwa moja, ambayo kwa giaboksi nyingi za gia tano ni ya nne, na usikubali kipimo cha kabla kiwe gia ya tatu na cha baada ya nne. Injini ipate joto lake la kawaida, feni iwe kubwa na ielekezwe kwenye redieta na intakula (kipoza hewa ya tabo). Kamba zisikazwe kwa nguvu tofauti. Kadiri tairi linavyokandamizwa ndivyo linavyokula nguvu.

Endesha mara tatu, na upumzike kwa muda ule ule kati ya moja na nyingine. Majibu yakiachana kwa asilimia 2, basi hiyo ndiyo fimbo yako ya kupimia: ongezeko la farasi 4 kwenye gari la 215 haliwezi kuonekana, hata likiwepo. Yakiwa yanashuka kila mara, intakula imezidiwa na joto, na hapo tayari umepata jibu la maana kuliko farasi.

Usikubali kuondoka na picha ya karatasi pekee. Beba diski ndogo ya USB uombe faili zote tatu, zisizosahihishwa, pamoja na joto, mgandamizo, busti na mchanganyiko. Faili inaweza kufunguliwa upya na kuchapishwa kwa kanuni yoyote utakayotaka; picha haiwezi. Yule kijana wa Kisumu alirudi kuiomba yake. Aliambiwa kompyuta imeshafutwa.